Leza ya kufungua mishipa ya mguu iliyoziba: inamfaa mgonjwa gani, na inafanyaje kazi?

tabibu_newala

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa kitaalamu, hasa kwa waliozoea kazi za katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa).

Mgonjwa ni mkulima wa korosho, umri unakaribia miaka 70, ana kisukari cha muda mrefu na alivuta sigara miaka mingi. Ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia imekuwa nyeusi, kavu, bila usaha. Usiku halali mpaka auning'inize mguu ukingoni mwa kitanda. Mapigo ya kinenani yapo vizuri, nyuma ya goti ni hafifu, kwenye kifundo na juu ya mguu sipati kitu kwa vidole. Ultrasaundi ya mishipa inasema ateri ya paja imeziba kwa urefu wa kama sentimita 12, na chini ya goti ni mshipa mmoja tu unaofika kwenye kifundo.

Kijana wake ameona kwenye simu video ya katheta ya leza "inayochoma uchafu" ndani ya mshipa. Familia sasa inataka fedha yote ya msimu wa korosho iende kwenye safari ya India, wakafanyiwe hiyo leza. Kabla sijawajibu nataka nielewe mambo manne. Inachoma kweli? Hatua zake ni zipi na vipimo vyake ni vipi? Huharibika wapi? Na mimi huku wilayani nifanye nini kabla ya rufaa ili mguu usipotee?

katheta_muuguzi

Karibu sana mkuu. Nianze na hilo neno kuchoma, maana ndilo linalowapotosha ndugu.

Leza zilizojaribiwa kwenye mishipa miaka ya 1980 zilikuwa za joto kweli kweli. Ncha iliunguza uchafu pamoja na ukuta wa mshipa, mishipa ikatoboka, na mingi iliyofunguka ikaziba tena mapema. Inayotumika leo ni jamii nyingine. Mashine za eksima hutoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 308, usioonekana kwa macho, kwa mapigo mafupi mno: kila pigo ni kama nanosekunde 135, kisha giza, kisha pigo jingine. Joto halipati muda wa kusambaa. Pigo moja linafanya kazi tatu kwa mpigo: linakata vifungo vya molekuli, linachemsha maji yaliyomo ndani ya tishu, na kiputo cha mvuke kinachozaliwa hapo hutanuka kisha kusinyaa ghafla, kikalitikisa lile gumu mpaka livunjike. Mwanga wenyewe hauzami zaidi ya kama mikromita 50 mbele ya ncha. Kwa hiyo leza haifikii kilicho pembeni. Inakula kile tu kilichogusana nayo.

Ukiitazama ncha ya katheta kwa karibu utaona tundu katikati, na kulizunguka tundu hilo vichwa vya nyuzi za kioo vimebanana kama mbegu kwenye ua la alizeti. Kwenye tundu ndiko unakopita waya wa kuongozea. Pete ndogo ya metali hukuonesha kwenye eksirei ncha imefika wapi. Saizi za mguuni ni milimita 0.9, 1.4, 1.7, 2.0, 2.3 na 2.5. Ya 0.9 hupita kwenye mrija wa kuingilia wa Frenchi 4 (Frenchi ni kipimo cha unene wa mirija), za 1.4 na 1.7 hupita Frenchi 5, ya 2.0 Frenchi 6, ya 2.3 Frenchi 7, ya 2.5 Frenchi 8. Kanuni ya kuchagua ni kwamba katheta isizidi theluthi mbili ya upana wa mshipa mzima. Ateri ya paja yenye milimita 5 au 6 inabeba 2.0 hadi 2.5 bila shida. Chini ya goti, penye milimita 2.5 au 3, unabaki na 0.9 mpaka 1.7.

Hapo ndipo penye jambo ambalo video haisemi. Tundu linalobaki lina upana wa katheta, si upana wa mshipa. Ukipitisha ya 2.0 kwenye ateri ya milimita 6 umepata theluthi moja tu ya upana. Ndiyo maana baada ya leza puto la kutanua mshipa hufuata karibu kila mara, pengine puto lenye dawa, pengine stenti (kibomba cha wavu kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa wazi). Leza inatengeneza njia ya puto. Waelezeni hivyo ndugu, wataacha kuiona kama tiba inayojitegemea.

Hatua zenyewe: mashine huwashwa mapema, inahitaji dakika kama 5 za kujiandaa. Milango inafungwa, bango la leza linatundikwa, na kila aliyemo chumbani, mgonjwa akiwemo, anavaa miwani ya mawimbi yale yale. Katheta inachomekwa, ncha yake inaelekezwa kwenye kipimo cha mashine ili ijulikane nishati kiasi gani inafika upande wa pili. Katheta iliyokunjwa vibaya wakati wa kutolewa kwenye pakiti huvunjika nyuzi kwa ndani, na ni hapa inapojulikana. Ganzi huchomwa kinenani, mara nyingi upande wa mguu mzima, mrija unavuka njia panda ya aota, ateri kuu ya mwili, kwenda upande mgonjwa. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yuniti 70 hadi 100 kwa kilo, na muda wa damu kuganda unaopimwa pale pale mezani ushikiliwe kwenye sekunde 250 hadi 300. Waya wa inchi 0.014 au 0.018 hutangulia mpaka chini ya palipoziba. Waya ukigoma, kuna njia ya hatua kwa hatua: waya unarudishwa ndani kidogo, leza inakula milimita chache, waya unajaribiwa tena, hivyo hivyo. Inahitaji mkono mzoefu, maana leza isiyo na waya mbele haina kinachoishikilia katikati ya mshipa.

Sasa maji. Nasisitiza hapa kuliko kwingine kote. Dawa ya kuonesha mishipa, ile yenye aidini, hufyonza mwanga wa nanomita 308 kwa nguvu, na damu nayo hufanya hivyo. Ukipiga leza ndani ya dawa hiyo kiputo kinakuwa kikubwa, na mgandamizo wake unaachanisha tabaka za ukuta wa mshipa kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo toa sirinji ya dawa, safisha bomba la njia tatu na mpira wake wote, sukuma mililita 10 za maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kabla pedali haijakanyagwa, kisha endelea mililita 2 hadi 3 kila sekunde muda wote pedali ikiwa chini. Kazi hiyo apewe mtu mmoja, asipewe nyingine. Sirinji ikikaribia kwisha aseme "simama", na mguu utoke kwenye pedali kabla hajabadilisha. (Wapo madaktari wa moyo wanaopiga leza ndani ya dawa kwa makusudi, kulegeza eneo ambalo stenti imeshindwa kutanuka. Pale stenti imeshaukinga ukuta. Isiigwe kwenye mshipa mtupu.)

La pili ni mwendo. Pigo moja linaondoa kama mikromita 10. Kwa mapigo 40 kila sekunde hiyo ni milimita 0.4, kwa mapigo 80 ni milimita 0.8. Ukisukuma zaidi ya milimita 1 kwa sekunde, sehemu ya mwendo huo si leza, ni nguvu ya mkono inayobomoa. Ateri ya mgonjwa wako, sentimita 12 kwa nusu milimita kila sekunde, ni sekunde 240, yaani dakika 4 za pedali kwa mpito mmoja. Zidisha na yale maji, hata kwa mililita 2 tu kila sekunde: karibu nusu lita. Mipito miwili ni lita moja. Kwa mwenye moyo dhaifu au figo zilizochoka, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuanza.

Nguvu huanzia milijuli 45 kwa milimita ya mraba na mapigo 25 kwa sekunde. Pakigoma hupandishwa kidogo kidogo. Ya milimita 0.9 inaweza kufika milijuli 80 kwa mapigo 80.

dkt_mishipa

Maelezo ya muuguzi yamenyooka. Naongeza yanayoharibika, kwa sababu kwa mgonjwa huyu yana uzito wa pekee.

La kwanza ni vipande. Leza husaga sehemu kubwa kuwa chembe ndogo sana, lakini si zote. Kipande kikikatika kinateremka na damu. Mtu mwenye mishipa mitatu inayofika mguuni anaweza kupoteza mmoja akabaki na miwili. Huyu ana mmoja. Ukiziba huo, mguu umekufa mezani. Kwa hiyo atakayefanya kazi hii aone picha ya mshipa huo kabla na baada ya kila mpito, awe na kichujio cha kuweka chini ya eneo au walau katheta ya kunyonya mabonge ikiwa imeshafunguliwa mezani.

La pili ni chokaa, yaani kalsiamu iliyojikusanya na kukakamaa kwenye mshipa. Leza ya 308 ni nzuri kwa damu iliyoganda, kwa utando laini, kwa kovu gumu la nyuzinyuzi, na kwa stenti iliyoziba tena ndani. Kwenye chokaa nene inasuasua. Na wagonjwa wa kisukari wa muda mrefu chini ya goti mara nyingi chokaa yao iko katikati ya ukuta, si ndani ya njia ya damu. Mwanga unaozama mikromita 50 hauigusi. Wanaoona mshipa mweupe kwenye eksirei ya kawaida kama waya wa umeme wajue leza si chaguo la kwanza. Zipo njia nyingine za chokaa: vifaa vinavyozunguka na kukwangua, na puto linalotoa mawimbi ya mshtuko kama yale ya kuvunja mawe ya figo.

Mshipa ukibana kwa mshtuko, mikrogramu 100 hadi 200 za naitrogliserini ndani ya ateri hutosha mara nyingi. Ukuta ukichanika, puto hukaa limetanuka dakika 2 hadi 3 kwa mgandamizo mdogo, ikishindikana, stenti. Ukitoboka, puto hukaa juu ya tundu, heparini inapinduliwa kwa protamini, na mwenye kisu awe amearifiwa. Na usisahau kinena: mgonjwa anayelalamika mgongo au tumbo la chini saa chache baadaye huku presha ikishuka, anavuja damu nyuma ya tumbo mpaka ithibitike vinginevyo. Hilo halina uhusiano na leza, ni la tundu la kuingilia, na huua.

Kuhusu ushahidi. Mahali ambapo leza imesimama imara zaidi ni stenti ya paja iliyoziba: utafiti wa EXCITE ISR, uliochapishwa 2015, ulionesha leza pamoja na puto kuishinda puto peke yake. Kwa mshipa ambao haujawahi kuwekwa kitu, kama wa huyu, faida juu ya puto la kawaida haijathibitishwa kwa uzito huo. Swali kubwa zaidi ni puto au upasuaji wa kupandikiza mshipa. Tafiti mbili zimeliangalia. BEST-CLI ya 2022 ilikuta wenye mshipa mzuri wa juujuu wa mguuni, ule unaovunwa kwa kupandikizwa, walifanya vizuri zaidi kwa upasuaji. BASIL-2 ya 2023, iliyoangalia wanaohitaji kufunguliwa chini ya goti, ilikuta kuanza na puto kukiwa bora. Hazipingani moja kwa moja, wagonjwa wao hawakuwa sawa. Ninachokitoa hapo ni hiki: mgonjwa afike kwa timu inayoweza kufanya yote mawili, na ultrasaundi ipime ule mshipa wa juujuu kabla hajaondoka. Milimita 3 au zaidi, usio na vifundo, unafaa. Msimchome dripu kwenye mguu huo.

Kwa hiyo mkuu, nisingemshauri mtu atumie fedha za msimu mzima kufuata leza. Afuate mtu wa kufungua ateri, kwa kifaa atakachochagua baada ya kuona picha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ina vyumba vya katheta. Piga simu kabla, uliza waziwazi kama wanafungua mishipa ya miguu chini ya goti na lini, maana vyumba vingi vya katheta duniani muda wao mwingi ni wa moyo. India iwe swali la baadaye, baada ya picha.

fundi_vifaatiba_lindi

Upande wa mashine, kwa kuwa nimeona wengine wanauliza kwa nini hospitali zetu za kusini zisinunue.

Eksima ni mashine ya gesi: ksenoni na kloridi ya hidrojeni vinachanganywa na gesi nyingine ndani ya tangi, kisha umeme wa volti nyingi unapigwa kupita katikati yake. Gesi huchakaa hata mashine isipotumika, nishati inashuka, na kuibadilisha ni kazi ya fundi aliyefunzwa kwa sababu kloridi ya hidrojeni ni sumu na inatafuna metali. Inataka laini yake ya umeme isiyoyumba, kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, na chumba kisicho na unyevu. Hewa ya chumvi ya pwani yetu, Lindi mpaka Mikindani, huweka ukungu kwenye vioo na kutu kwenye viunganishi. Anayepanga bajeti apange na kikausha hewa.

Ipo jamii mpya zaidi isiyotumia gesi, nanomita 355, kito cha kutengenezea mwanga ni kigumu, mapigo ya nanosekunde 10 hadi 25. Katheta zake ni milimita 0.9, 1.5, 2.0 na 2.35, na zile kubwa mbili zinanyonya vipande huku zikifanya kazi. Ni ndogo na rahisi kutunza. Ila miwani: soma namba iliyochapwa kwenye fremu. Iliyoandikwa kwa 308 peke yake isitumike kwenye 355 kwa mazoea. Mwanga huu hauonekani, huwezi kujua umekuingia mpaka jicho lianze kuwasha kama lenye mchanga.

Katheta ni ya mgonjwa mmoja. Nyuzi hazivumilii kuchemshwa wala kulowekwa kwenye dawa, na tundu la waya halisafishiki. Atakayewauzia iliyorudishwa kwenye pakiti, mkataeni.

Lakini kifaa ambacho kingeokoa miguu mingi zaidi Newala, Masasi, Liwale na Nachingwea kinatosha kwenye mfuko wa koti: dopla ya mkononi, ya kusikiliza damu inavyopita kwenye mshipa. Na hapa pana kosa la kila siku. Vituo vingi vina dopla ya kusikiliza mtoto tumboni, ya megahezi 2 au 3. Hiyo imetengenezwa kusikia mbali ndani. Ateri ya mguu iko karibu na ngozi, inataka kichwa cha megahezi 8. Ukiambiwa "hakuna mapigo" kwa dopla ya wajawazito, usiandike kwenye faili kwamba hakuna.

tabibu_newala

Asanteni sana wakuu, nimeelewa mengi. Nimeazima dopla ya megahezi 8. Presha ya mkono ni 150. Kifundo sauti haikupotea mpaka 230. Nikigawanya ya kifundo kwa ya mkono napata 1.53. Kwa hesabu hiyo mguu ni mzima, na kidole ni cheusi. Nimekosea wapi?

dada_kliniki_kisukari_mtwara

Hujakosea daktari. Kipimo ndicho kimedanganywa. Uwiano wa kawaida ni 1.00 hadi 1.40, 0.90 kushuka chini ni ugonjwa, ukipita 1.40 maana yake ateri imekakamaa kwa chokaa na mpira wa presha hauwezi kuibana. Hiyo 230 ni presha ya kuibana chokaa, si presha ya damu iliyomo. Wagonjwa wetu wa kisukari wanarudishwa nyumbani kila siku kwa namba hii, na inauma sana kuona.

Tumia mvuto wa dunia badala ya mpira. Mlaze chali, ateri ya kifundo iwe usawa wa moyo, dopla juu yake, sauti isikike. Msaidizi ainue mguu mzima polepole, goti limenyooka, wewe dopla usiitoe. Sauti ikipotea, simamisha, pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka usawa wa moyo, ambao kwa aliyelala ni katikati ya unene wa kifua, kwenda juu mpaka kwenye dopla. Kila sentimita 13 ni takriban milimita 10 za zebaki. Sauti ikipotea kwenye sentimita 40, presha halisi ya kifundo ni kama 30. Chini ya 50 kwa mtu mwenye maumivu ya usiku au kidonda, mguu uko hatarini. Sikiliza pia mlio wenyewe: ateri nzima ina mlio wa vipande viwili au vitatu, unapiga na kurudi, iliyoziba juu inavuma mara moja, laini, kama upepo kwenye mnazi.

Kuhusu kidole. Cheusi kikavu kisicho na harufu, kiache kikavu. Shashi kavu katikati ya vidole, usikiloweke, usikikate kabla damu haijarudi, maana kidonda cha kukata hakitapata cha kukiponya. Waambie nyumbani wasimkande kwa maji ya moto wala wasimweke miguu karibu na mafiga ati baridi imemshika. Hasikii moto, ataungua. Asipake majani wala mafuta ya korosho. Akiota usaha, harufu, wekundu unaopanda au homa, mambo yamebadilika: siku hiyo hiyo hospitali yenye upasuaji, iwe Ligula, Hospitali ya Kanda ya Kusini, Ndanda, Nyangao au Sokoine Lindi, apate antibayotiki ya mshipani na usaha utolewe kwanza. Kufungua ateri kunafuata siku zinazofuata.

Wakati anasubiri, aspirini miligramu 75 hadi 100 kama hana kidonda cha tumbo, atovastatini 40 au 80, presha na sukari zishikwe. Silostazoli wengi huiandika kwa maumivu ya kutembea. Mwenye moyo ulioshindwa asipewe kabisa. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) sasa, si Dar, kwa sababu majibu mabaya yanabadilisha mpango mzima wa dawa ya aidini. Kama figo ziko chini, metformini isimamishwe siku ya kazi na saa 48 baadaye, irudishwe kreatinini ikishapimwa tena.

Safari ya Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Akae kiti cha mbele penye nafasi, mguu uning'inie, usiinuliwe juu ya begi. Ukiinuliwa maumivu yanazidi kwa sababu damu haifiki. Soksi ya pamba isiyobana, kisigino kisigusane na chuma cha kiti. Abebe insulini kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, isigandishwe.

katheta_muuguzi

Dada amemaliza. Niongeze ya baada ya kazi, kwa kuwa ndiyo yatakayorudi kwako Newala.

Mrija ukitolewa kinenani hubanwa kwa mkono dakika 15 hadi 20 bila kuchungulia, kisha mgonjwa analala chali saa 4 hadi 6, mguu umenyooka. Mguu uliofunguliwa hukaguliwa kila dakika 15 saa ya kwanza: rangi, joto, dopla. Alama weka kwa kalamu pale sauti inaposikika ili wa zamu ya usiku asitafute gizani. Shavu la mguu likikakamaa na maumivu kuzidi unapokunja vidole vyake kwenda juu, misuli imevimba ndani ya gamba lake baada ya damu kurudi ghafla. Hapo ni upasuaji wa haraka, dakika zinahesabika.

Atarudi na aspirini na klopidogreli miligramu 75, kwa kawaida mwezi 1 hadi 3 kwa pamoja, kisha moja inabaki. Wengine hupewa aspirini na rivaroxabani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Vyovyote iwavyo, asiache kwa sababu "mguu umepona". Uvimbe unaodunda kinenani baada ya wiki si jipu, usiupasue, upigiwe ultrasaundi. Kreatinini irudiwe siku ya 2 au ya 3. Dopla na kile kipimo cha kuinua mguu virudiwe baada ya mwezi, halafu kila miezi 3 mwaka wa kwanza, kwa sababu ndani ya miezi 6 hadi 12 ndipo ateri ya paja hupenda kuziba tena. Kidole kikisita kupona baada ya kuwa kimeanza vizuri, usibadilishe antibayotiki kwanza, pima damu inayofika.

tabibu_newala

Nimeinua mguu kama dada alivyoelekeza. Sauti imepotea kwenye sentimita 45, yaani kama 35. Naandika rufaa leo. Familia nimewaeleza habari ya puto na upana wa katheta, wamekubali kuanza na picha Dar. Barua iwe na nini ili asirudishwe?

dkt_mishipa

Mstari wa kwanza kabisa: "Mguu wa kulia uko hatarini, maumivu ya usiku, kidole kikavu cheusi bila maambukizi, presha ya kifundo kwa kuinua mguu ni takriban 35." Usianze na historia ya kisukari, msomaji wa mapokezi atakomea hapo na kumpangia kliniki ya kisukari. Kisha tarehe kidole kilipoanza, mapigo ngazi kwa ngazi pande zote mbili, uwiano wa 1.53 ukieleza kwamba ni chokaa, kreatinini na tarehe yake, dawa zote na vipimo vyake, mzio, mara ya mwisho kutumia metformini. Ambatanisha picha za ultrasaundi zenyewe pamoja na ripoti, na upana wa ule mshipa wa juujuu. Andika namba ya simu ya ndugu mmoja mwenye kauli ya mwisho, maana ruhusa ya kukata au kupandikiza huombwa usiku pia. Nakala moja abaki nayo mgonjwa mkononi.